Sindano tano juu ya paa: shajara ya misonobari, Zimmerman

Oktoba 2023: mbegu

Mbegu za misonobari ya bonsai, miti inayolelewa midogo kwenye vyungu, zimefika na karatasi zake zote; nitailea juu ya paa la ploti yetu hapa Zimmerman, Nairobi. Anayetaka kupita njia hii aanze na karatasi kabla hajalipia chochote. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na ndani yake ndimo yalimo masharti ambayo muuzaji wa ng'ambo atayafuata anapotafuta cheti cha afya ya mimea kwao. Mbegu zikitangulia na kibali kikafuata, usishangae ukiambiwa zimezuiwa. Wapo wanaoona huu ni usumbufu tu wa ofisi. Lakini chawa wa pamba, yule mdudu mweupe wa misonobari, aliingia Kenya miaka ya 1960 juu ya vikonyo vya kubebesha, yaani vijiti vya kupandikizwa juu ya mti mwingine, vilivyotoka Australia, na mpaka leo yupo. Miaka hiyo hiyo ukungu wa sindano uitwao Dothistroma uliitafuna Pinus radiata mashambani hadi watu wa misitu wakaacha kuipanda, wakaegemea Pinus patula. Hela ya kibali naitoa bila kununa.

Nina pakiti mbili. Ya kwanza ni Pinus parviflora, msonobari mweupe wa Japani, ambao Wajapani huuita goyomatsu. Kila mpenda bonsai huuota mti huu: sindano fupi, zimejikusanya tano tano kwenye kishada, na weupe hafifu upande wa ndani unaoufanya mti wote uonekane kama una rangi ya majivu. Ya pili ni Pinus morrisonicola, msonobari mweupe wa Taiwan, ambao hata wauza miche wa Barabara ya Ngong wanaojua kila kitu hawajawahi kuusikia. Huo nimeuchagua kwa ramani. Tropiki ya Kansa inakatiza katikati ya Taiwan, na mti huota huko kuanzia mita kama 300 hadi 2,300 juu ya bahari. Sisi tuko ndani ya mipaka hiyo. Parviflora ni mtoto wa milima ya theluji. Huyu wa pili angalau jua la tropiki analijua. Nikiulizwa leo nani atashinda, nasema Mtaiwan. Naiandika mapema ili nisije nikajidai baadaye.

Hizi pakiti za "mbegu za bonsai" zenye picha ya msonobari wa buluu zinazotembezwa mtandaoni, waachie wenye pesa za kuchezea. Mbegu ya bonsai haipo. Kuna mbegu ya mti, basi.

Nimeziloweka saa 24. Zilizozama nimezichanganya na mchanga wa mto uliooshwa, wenye unyevu kidogo: ukiukamua mkononi usitoe tone. Zote ziko kwenye mfuko, ndani ya droo ya mboga ya friji, kati ya sukuma na dania. Zikae humo siku 60 hadi 90. Mbegu hizi zina kufuli ndani, na kufuli hilo hufunguliwa na baridi yenye unyevu. Kwao kazi hiyo hufanywa na ardhi ya Januari. Kwangu inafanywa na Kenya Power, siku stima ikikubali.

Novemba 2023: udongo

Mvua ya El Niño imetufungia ndani, nami nimepata muda wa kuchekecha.

Msonobari kwenye chungu hufa kwa mizizi kukosa hewa kabla haujafa kwa kiu. Udongo wetu mwekundu ni mzuri shambani, lakini ukiutia kwenye chungu kifupi, baada ya mvua tatu umeshikamana na maji hayapiti. Ule mweusi wa kule Embakasi usiutaje kabisa. Wajapani hutumia akadama, udongo wao wa volkano uliokaushwa ukawa punje punje. Kuagiza gunia la udongo kutoka Japani huku nikiwa nimekaa kando ya Bonde la Ufa naona ni kichekesho. Mashamba ya maua ya Naivasha hupanda waridi kwenye pamisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, na kuna mtu anayewapelekea ambaye haoni vibaya kumwagia jirani magunia mawili.

Kazi iko kwenye kuchekecha. Nimenunua wavu wa kuanikia kahawa dukani kwa vifaa vya ujenzi, na mwingine wenye matundu makubwa zaidi, nikaupigilia kila mmoja kwenye fremu ya mbao. Kinachopita wavu mkubwa na kubaki juu ya ule mdogo, yaani punje za milimita 3 hadi 6, ndicho nakitaka. Vumbi lote linatupwa. Vumbi ndilo adui: huteremka chini ya chungu, likajenga tope, na mizizi ikaoza ukiwa unaona juu kumekauka. Kisha naosha mpaka maji yatoke safi. Keateka wa ploti alipanda juu akanikuta nimejaa unga mweupe hadi kope, akauliza, "Bosi, unasaga mahindi ama?"

Nilijaribu pia mawe meupe ya Kariandusi, kule Gilgil. Ni mepesi na yanafyonza maji vizuri ajabu, ila yanakwaruzika kwa ukucha. Hayajachomwa, kwa hiyo hayawezi kuvumilia miaka ya kumwagiwa maji. Hapana.

Mchanganyiko nilioufikia: sehemu tatu za pamisi, moja ya maganda ya msonobari kutoka kiwanda cha mbao yaliyooza nusu, na konzi moja ya mboji ya chini ya misonobari ya shangazi, Tigoni karibu na Limuru. Hiyo konzi ndiyo dawa. Kusini mwa ikweta misonobari si wenyeji, isipokuwa kidogo huko Sumatra, na ilipoletwa sehemu nyingi za Afrika miche ilidumaa, ikawa ya njano, ikafa, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari mingine. Mizizi ya mti huu huishi kwa ushirika na kuvu: mti hutoa sukari, kuvu hutafuta maji na fosforasi mahali mzizi haufiki. Fukua sindano zilizooza chini ya msonobari mkubwa, sentimita tano hivi, utaona nyuzi nyeupe zimefumana kwenye mizizi midogo, na ncha za mizizi hiyo zimegawanyika mbili mbili kama herufi Y. Na harufu ya uyoga. Ukiziona, chota.

Februari 2024: zimeota

Nilipanda katikati ya Januari. Sasa zinasimama. Kila mche huinuka na ganda la mbegu kichwani, halafu ganda linadondoka na vijani vyembamba vinafunguka mduara. Marufuku kulivuta ganda kwa mkono. Linatoka na kichwa.

Kinyausi kimechukua baadhi upande ulio karibu na tangi, ambako hewa haitembei. Mche unakatika kiunoni usawa wa udongo ukiwa bado kijani. Nimepunguza maji, nimefungua kivuli upande wa asubuhi, nimetandaza mchanga mkavu juu. Kimesimama.

Mei 2024: mafuriko na patula

Jiji limelowa. Mathare maji yamebeba nyumba na watu, na kuandika habari za vyungu kunaonekana upuuzi. Naandika kifupi. Mchanganyiko umefaulu mtihani: mvua ya usiku kucha, asubuhi hakuna chungu kilichosimamisha maji. Trei zote nimeziinua kwenye mapaleti, maana zege la paa hukusanya maji na likipata jua hurudisha joto kutoka chini.

Miche ina sindano moja moja, laini, za buluu-kijani. Waliopanda juu kuniona wamekata tamaa: "Uliniambia tano, hizi ni moja." Mwaka wa kwanza ndivyo ulivyo. Msonobari mchanga huvaa majani ya kitoto, kila moja peke yake, na vishada huja baadaye.

Ili mikono isikae bure nimenunua patula kadhaa zilizodumaa kwenye karatasi za kitalu, Barabara ya Ngong. Mzee wa kitalu alishangaa kwamba nachagua zilizopinda. "Hizo nilikuwa nazitupa, mwanangu. Chukua ile imenyooka." Nikamwambia nataka hizo hizo. Akanipunguzia bei kwa huruma.

Patula inafundisha kuhesabu. Kwa kawaida ni sindano tatu kwa kishada, lakini kwenye tawi moja utakuta nne, na ukivumilia, tano. Kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi kuujua ukoo. Tazama shina la kishada. Kwenye patula kuna kijiala cha kahawia kinachokumbatia sindano pale zinapoanzia, nacho hubaki mpaka sindano zidondoke. Kwenye misonobari meupe kijiala hicho hupukutika mapema, sindano zikabaki uchi hadi mguuni. Ndiyo maana Pinus montezumae na Pinus pseudostrobus za Meksiko zina sindano tano na bado ni wa ukoo wa patula: kijiala hakiondoki, na sindano zao ni ndefu kupita kiganja, hazifai kwa mti wa kimo cha chupa.

Jambo jingine la kufurahisha: zikusanye sindano za kishada kimoja ziungane. Zinafunga kuwa kijiti cha mviringo kamili. Kila sindano ni kipande cha duara hilo, ndiyo maana za tano zina pembe tatu ukizikata, na zile nyuso mbili zinazotazamana ndani ndizo zenye mistari myeupe ya vinyweleo vya kupumulia. Weupe wa goyomatsu unakaa hapo.

Septemba 2024: waya

Nimefunga patula ya kwanza. Waya ni wa shaba, kutoka kwa fundi wa kuwinda mota za pampu, ule mzee unaotoka kwenye mota iliyoungua. Unauzwa kwa kilo. Ukiutumia hivyo hivyo ni mkaidi, utavunja tawi. Uingize kwenye jiko la makaa usiku, ili uone rangi: ukianza kuwaka wekundu hafifu, toa, uache upoe. Sasa unajikunja kama unavyotaka. Ukishaukunja mara moja unakuwa mgumu tena, na ugumu huo ndio unaolishika tawi. Alumini ya madukani ni rahisi kwa anayeanza, lakini huhitaji kuwa nene zaidi, na mti mdogo ukafanana na mgonjwa wa ajali.

Mbolea: mashudu ya alizeti, yale ya ng'ombe, nimeyaviringa na jivu kidogo, nikayakausha. Japani huweka mashudu ya mbegu za mafuta juu ya udongo vile vile. Hawakuniambia habari za kunguru. Wa Zimmerman wameondoka na mavuno yote siku ya kwanza, pamoja na vijiti nilivyoyachomekea. Sasa mashudu yako ndani ya vichujio vya chai vya plastiki vilivyopinduliwa. Kwa misonobari meupe naweka kiasi kidogo sana, maana chakula kingi hurefusha sindano.

Januari 2025: maji

Mgao wa maji umebana, na mwenye nyumba anajaza matangi kwa kisima. Maji ya visima vya Nairobi mengi yana chumvi za sodiamu na floridi, si kama yale laini yanayoteremka kutoka bwawa la Ndakaini. Ncha za sindano za parviflora zimeanza kuwa kahawia, zote kwa pamoja, upana ule ule, bila madoa. Madoa yangenipeleka kwenye ukungu. Hii ni chumvi. Nimetenga pipa la mvua kwa misonobari meupe peke yake, na mara moja kwa wiki nawamwagia mengi hadi yatiririke chini, yaoshe kilichobaki. Pipa likiisha kabla ya Machi itabidi ninunue maji ya mitungi, na nyumbani nitaeleza mimi.

Chawa wa pamba amefika pia, kwenye patula tu, nyuzi nyeupe katikati ya sindano pale zinapotoka. Mswaki mkuukuu, maji ya sabuni, na kurudia baada ya siku chache. Vyungu vyake vimehamia upande wa pili wa paa.

Julai 2025: usingizi

Hapa ndipo mradi wote ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu hudhani tatizo la goyomatsu Nairobi ni joto. Nairobi haina joto la kuua msonobari. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuambia mti sasa lala. Tokyo siku ya Juni ina mwanga saa 14 na nusu, ya Desemba haifiki 10. Mti unasoma mabadiliko hayo, unafunga macho yake, yaani vichomozo vya matawi mapya, unaacha kukua, kisha unahesabu majuma ya baridi mpaka yatoshe, ndipo ukubali kuamka. Nairobi tofauti ya siku ndefu na fupi ni dakika chache, huwezi hata kuzitambua. Julai usiku tunateremka hadi nyuzi 11 au 12, tunavaa masweta na kulalamika, lakini kwa mti uliozoea barafu huo ni usiku wa kawaida.

Hata ule msonobari mashuhuri wa familia ya Yamaki, parviflora uliokuwa ukitunzwa tangu 1625, ulionusurika bomu la Hiroshima Agosti 1945 ukiwa kilomita kama tatu kutoka lilipolipuka, kisha ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, ulihamia Washington, mahali penye majira manne. Wanadamu waliuhamisha bara na mti ukakuta kipupwe chake kule. Hakuna aliyeuomba ukae ikweta.

Kwenye paa langu naona matokeo. Miche ya parviflora haipatani. Mmoja umesukuma mshumaa, yaani chipukizi jipya lililosimama, Mei, wa jirani yake umefunga jicho tangu Februari na hautaki kusikia, mwingine unarefuka shina bila matawi, ule ugonjwa wa mkia wa mbweha unaoshika misonobari mingine nchi za joto. Ya Taiwan imetulia tu mwezi huu wa mawingu, yote, bila kuambiwa, na macho yake ni manene.

Keateka ana suluhisho: "Si uweke kwa friji ya soda pale dukani?" Wako watu nchi za joto wanaofanya karibu hivyo. Stima yetu haiaminiki, na mama wa duka hawezi kunipa rafu ya chini kwa miezi miwili.

Nimefanya nusu ya hilo. Nusu ya miche ya parviflora imepanda matatu kwenda Tigoni, ndani ya kreti ya soda, magotini. Kule ni juu zaidi ya kwetu kwa mita 400 au zaidi, ukungu wa asubuhi haupungui mpaka saa nne, na bonde la chini ya chai mwaka mwingine hupata umande wa barafu. Shangazi ameipokea, akaitazama.

"Hii ni chai gani?"

"Si chai, shangazi. Ni misonobari."

"Kama ile ya fensi?"

"Binamu yake."

"Basi kwa nini umetoka Nairobi na binamu wakati mimi nina msitu mzima?" Lakini amewatafutia mahali chini ya mteremko, ambako anasema mahindi hufa kwa baridi, na ameahidi kutomwagilia kila siku. Ahadi hii ya pili siiamini.

Oktoba 2025

Kreti imerudi. Haitoshi kuitwa ushahidi. Miche ni michache na msimu ni mmoja. Ila iliyolala Tigoni imefungua macho pamoja, ndani ya majuma machache, mishumaa ya urefu unaokaribiana. Iliyobaki paani bado kila mmoja na saa yake, na miwili imekauka kuanzia juu.

Mtaiwan amevaa vishada. Nimevihesabu bila haraka: tano, tano, nne, tano. Kijiala tayari kimeanza kupukutika.

Uamuzi. Parviflora zote zinahamia Tigoni moja kwa moja, kwenye kisanduku cha mbao kirefu, zinenepe shina huko. Mimi nitakuwa mgeni wao. Sitazipogoa mishumaa hata kidogo mpaka ziwe na nguvu, kwa sababu msonobari mweupe hutoa chipukizi mara moja kwa mwaka, na ukiukata wote kama watu wanavyoukata msonobari mweusi wa Japani, haurudishi. Ya Taiwan inabaki Zimmerman, itabadilishiwa udongo mwakani kabla ya mvua za Machi, na shina la kila mmoja litapata waya mara moja ingali nyembamba.

Patula zilizobaki zinatunzwa kwa kazi nyingine. Goyomatsu nyingi zinazouzwa Japani zimebebeshwa juu ya mizizi ya msonobari mweusi, ambao ni wa ukoo wa patula, maana mizizi yake ni mikali zaidi. Vikonyo vya Tigoni vikifika unene wa kijiti cha kiberiti, nataka kujua patula itawapokea au itawakataa. Nimeshanunua wembe na utepe.